Nyumba ya Kwanza Haipo

Mimi nina kiburi cha kompyuta. Nakiri mapema ili msomaji asije akanionea huruma mahali nisipostahili. Ofisi yetu iko Kisumu mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, na kazi yangu ni kutunza data za watu: za shule, za zahanati, za vyama vya wauza samaki. Mtu akileta data mbovu naikataa, na nikiikataa nasikia raha fulani hivi. Kwa hiyo baba mkubwa aliponipigia simu akitaka nitengeneze daftari la familia kwenye kompyuta, sikujivuta hata kidogo. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza salamu.

Baba mkubwa ni mwalimu mstaafu. Akikutumia ujumbe wa simu, unakuja na nukta, mikato na aya. Kila mwaka familia hukutana bomani kwetu, nje kidogo ya Katito, naye husimama mbele ameshika daftari la karatasi ambalo jalada lake limeliwa na mende, anaita watu nyumba kwa nyumba. Marehemu babu alioa wake wanne. Kwetu hakuna anayekuuliza baba yako ni nani, maana huyo anajulikana; unaulizwa umetoka nyumba gani, yaani ya mama yupi. Mwalimu akiita nyumba, wote wa nyumba hiyo wanasimama, hata wenye watoto mgongoni, wanajibu kwa pamoja, "Tuko!" Nyumba inayoitwa kwanza ndiyo inakaa mbele chini ya turubai, na ndiyo inapakuliwa kwanza. Usicheke. Ungeona kuku wanavyoisha kabla ya meza ya tatu, ungejua kwa nini kila mtu kwetu anaijua nyumba yake.

Alinitumia picha za kurasa zote. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja tu, kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Nyumba ya kwanza: hakuna." Mke wa kwanza wa babu, yaani mikayi, alifariki bila kuzaa, zamani hizo. Nyumba ya pili ni ya mama yake mwalimu mwenyewe. Ya tatu ni ya watu wa kelele, sitasema zaidi. Ya nne ni yetu: dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, na watoto wake watatu, baba yangu na shangazi wawili. Sikuuliza swali lolote. Nikaandika nilivyopewa.

Nilitumia JSON, na asiyejua JSON nitamweleza kwa sufuria. Pale sokoni Kibuye sufuria mpya zinauzwa zikiwa zimepangwa moja ndani ya nyingine, kubwa inabeba ya wastani, ya wastani inabeba ndogo. Boma langu lilikaa hivyo. Boma ni sufuria kubwa, ndani yake nyumba, ndani ya nyumba watoto, ndani ya mtoto wajukuu na namba ya simu. Boma zima likawa rekodi moja kwenye hifadhidata. Nyumba ya kwanza, kwa kuwa mwalimu alisema hakuna, niliiwekea tupu. Kwenye kazi yetu tupu haimaanishi sufuria ambayo haijatiwa kitu. Maana yake hakuna sufuria kabisa.

Kisha nikafanya kosa la ukarimu. Nikatuma kiungo kwenye kundi la familia, nikasema kila mtu ajirekebishie mwenyewe kwa simu yake.

Haki, hapo ndipo nilipowajua watu wangu. Binamu mmoja wa nyumba ya tatu alijiandika chini ya mama wawili, ili asikose lolote. Mwingine alimweka mtoto wake mchanga ndani ya namba ya simu. Ndani ya namba, yawa! Namba ni namba, haina mlango, mtoto anaingilia wapi? Shangazi fulani alijaribu kuandika mtoto wa tisa ilhali ana watano, na nilipompigia akasema ameacha nafasi makusudi, huwezi kujua. Makosa mabaya zaidi yalikuwa yale yasiyolalamika: mtu anarekebisha kitu mahali pasipokuwepo, mfumo unamwambia "Imehifadhiwa, asante," na hakuna kilichohifadhiwa. Watu wakaanza kunipigia simu kazini kuniuliza kama mimi ni mwizi wa watoto.

Basi nikaweka sheria. Kabla ya kupokea badiliko lolote, mfumo ukague njia yote kuanzia juu: boma lipo? Nyumba ipo? Mzazi yupo? Kimoja kikikosekana, kataa wazi, usijifanye umekubali. Hiyo ni kazi safi na sitaiombea msamaha. Kosa langu lilikuwa maneno. Programu yenye adabu ingesema "Badiliko halikubaliki." Mimi nikaona hayo maneno ni baridi, familia ni familia, wacha niwachangamshe. Aliyemweka mtoto kwenye namba aliandikiwa, "Mtoto wako hatalala ndani ya simu." Aliyeruka hesabu aliambiwa, "Zaa kwanza." Na atakayeweka mtu kwenye nyumba isiyokuwepo nilimwandalia hii: "Nyumba hii haipo. Usining'inizie watoto hewani."

Kundi zima lilicheka. Hata mwalimu alituma ujumbe: "Nimefurahishwa. Hata hivyo, neno 'zaa' lingeweza kulainishwa." Nikavimba kichwa wiki nzima.

Wiki iliyofuata, kwenye orodha ya makosa, nikaona simu moja ikigonga mahali pamoja. Mtu anataka kuweka watoto watatu kwenye nyumba ya kwanza. Anakataliwa. Kesho yake, karibu saa ile ile ya asubuhi, anarudi. Anakataliwa. Siku ya soko alijaribu mara tano mfululizo. Namba sikuijua, lakini mtandao ulionyesha ni upande wa Katito. Nikamwonyesha mwenzangu wa ofisini, dada mmoja anayependa umbea kuliko chai, na tukakubaliana kwamba huyo ni wa nyumba ya tatu anayetaka kuiba kiti cha mbele. Nani mwingine angetaka kujipenyeza kwenye nyumba ambayo haina mwenyewe?

"Mtie adabu," mwenzangu akasema.

Nikamtia. Nilitengeneza jibu la simu hiyo peke yake, tukalisoma kwa sauti, tukacheka mpaka muuza magodoro akapanda ngazi kuuliza kuna nini. Liliandikwa: "Wewe wa Katito, nimekuona. Nyumba haijaota usiku kama uyoga. Acha kiherehere."

Simu ile haikugonga tena. Nikajipongeza.

Jumamosi nilienda nyumbani, zikiwa zimebaki wiki mbili mkutano ufanyike. Nilibeba sukari, mkate na sabuni ya kipande, kama mjukuu mwenye adabu. Dani alikuwa ameketi nje ya mlango wake anachambua njugu. Nikainama kumsalimia. Hakuitikia. Aliendelea na njugu zake, moja, nyingine, nyingine, kisha bila kuniangalia akasema, polepole, kama mtu anayekariri shairi la shule:

"Wewe wa Katito, nimekuona. Nyumba haijaota usiku kama uyoga. Acha kiherehere."

Nilitamani ardhi ipasuke. Sukari ilinitoka mkononi. Dani hajui kusoma, na simu yake ni ile ya vitufe. Kumbe kila asubuhi alikuwa anatembea mpaka sokoni kwa mama mmoja anayechaji simu za watu, anamwambia fungua mambo ya mjukuu wangu, andika hivi na hivi. Yule mama akaandika kwa simu yake mwenyewe, kisha akamsomea majibu. Kwa sauti. Pale kwenye kibanda, mbele ya watu waliokuja kuchukua simu zao.

"Walicheka?" nikauliza, kana kwamba kulikuwa na jibu jingine.

"Muuza nyanya alicheka mpaka akaketi chini," dani akasema. "Mimi pia nilicheka kidogo, ili wasijue ni mjukuu wangu ndiye ananitukana. Hiyo uyoga ulitoa wapi?"

"Dani, sikujua ni wewe."

"Ungejua ni mimi ungeandika nini? Nyumba haipo, tafadhali?"

Dani aliweka ungo chini, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akanivuta mpaka katikati ya boma, mkabala na lango. Pale kuna kiwanja kitupu ambacho sisi watoto tulikuwa tunachezea mpira, na kila mara tulifukuzwa na hatukuambiwa kwa nini. Nyumba zingine zimejengwa kushoto na kulia kwake, hakuna iliyothubutu kusogea. Dani akasimama juu ya mawe matatu yaliyozama ardhini.

"Hapa ni jikoni," akasema. "Hapo ulipokanyaga ni mlangoni. Toka mlangoni, unaziba."

Nikatoka.

Ndipo akaniambia, akiwa amesimama vile vile. Mikayi alikuwa shangazi yake, dada ya baba yake. Alikaa kwenye ndoa miaka mingi na hakupata mtoto, na wake wengine wakaja, wakazaa, na yeye ndiye aliyekuwa anawapikia watoto wao uji. Alipoanza kuugua alirudi kwao, akamwomba kaka yake msichana. Si mfanyakazi, msichana wa kuolewa ndani ya nyumba yake, azae kwa niaba yake, nyumba isifungwe. Huyo tunamwita nyar ot, binti wa nyumba. Dani akaletwa. Alikuwa mdogo, anasema, hata kutwanga alikuwa hajajua vizuri. Waliishi pamoja msimu mmoja tu, mkubwa anamfundisha mdogo, kisha mikayi akafa mikononi mwake.

"Alinishika hivi," dani akasema, akanishika tena. "Akaniambia, mtu akiita langoni, itika. Hiyo tu. Usiache mtu aite nyumba yangu akose jibu. Basi miaka yote wageni wakiita jina lake, mimi naitika. Baba yako alizaliwa hapa. Shangazi zako hapa. Nyumba ikaanguka kwa mvua, nikajengewa hiyo nyingine pale pembeni, mwalimu wenu akaanza kusema mimi ni wa nne. Ya nne gani? Hakuna nyumba ya nne hapa. Haijawahi kuwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Wanaume walikuwa wanakula." Akaangalia lango. "Karatasi ya mwalimu ilikuwa yake, mende wakiila imeisha. Lakini hii yako wanasema haiishi. Mkisoma kwa hiyo kwamba nyumba ya kwanza hakuna, basi imefungwa kabisa. Nitamwambia nini nikimkuta huko?"

Aliuliza kweli, akanisubiri nimjibu. Mimi, na digrii yangu, nilikuwa nimeketi juu ya magodoro ya watu Kisumu nikaandika kwa mkono wangu kwamba nyumba yangu mwenyewe haipo, kisha nikamcheka mtu aliyekuja kunisahihisha.

"Nitamwambia mwalimu leo," nikasema.

"Weee! Usimwambie." Macho yake yakabadilika, nikaona utundu wangu nimeurithi kwa nani. "Ukimwambia ataita kikao, kikao kitaita kikao. Wewe utachapa karatasi?"

"Ndiyo."

"Na yeye husoma kilichoandikwa?"

"Dani, mwalimu husoma mpaka maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi."

"Basi," akasema, akarudi kwa njugu zake.

Jumapili alasiri nikaketi chumbani kwangu Nyamasaria kurekebisha, huku jirani akifua na redio ikihubiri. Nilikuwa na haraka ya mtu mwenye aibu. Nilitaka watoto watatu wahamishwe kutoka nyumba ya nne hadi ya kwanza kwa amri moja. Mfumo wangu ukanikataa. "Nyumba hii haipo. Usining'inizie watoto hewani." Kumbe maneno yale ukiandikiwa wewe hayachekeshi hata kidogo. Nikakasirika na kitu nilichokitengeneza mwenyewe, nikazunguka nyuma, nikaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata ambako sheria zangu hazifiki, nikaandika amri: chukua jina la mwenye nyumba ya kwanza, kwa jina hilo tengeneza nyumba, tia watoto.

Lakini jina hilo lilikuwa wapi? Lilikuwa tupu, maana nyumba ilikuwa tupu. Na ile amri ina tabia mbaya ambayo naijua na nimeshawafundisha wengine waiogope: ukiipa tupu popote ndani yake, haikulalamikii. Inakurudishia tupu, na tupu hiyo inaandikwa juu ya rekodi nzima. Nilibonyeza. Ikasema imefaulu, rekodi moja imebadilishwa. Boma lote likatoweka. Babu, wake wanne, watu wa kelele, mtoto wa kwenye simu, wote.

Simu ililia kabla sijafunga mdomo.

"Binti," sauti ya mwalimu ikasema, "nimefungua daftari ili nihakiki tahajia. Hatupo."

"Hatupo vipi, Baba?"

"Hatupo. Sisi sote. Hata mimi."

"Aa, hiyo," nikasema. "Naosha mfumo."

"Kwa sabuni gani?" akauliza, kisha akakata.

Kila alfajiri mfumo hujinakili wenyewe, kwa hiyo nakala ilikuwepo. Nikawarudisha watu wote walivyokuwa, nikaketi, nikanywa maji, nikafanya kazi kama mtu mzima. Sikuanza na watoto. Nilianza na mama. Kwanza niliiondoa ile tupu, nikaweka nyumba kamili: jina la mikayi, ambalo nilimpigia dani kumwuliza maana sikuwahi kulisikia likitajwa, neno "marehemu", orodha ya watoto, ambayo kwa dakika hiyo haikuwa na mtu. Mfumo ukakubali bila maneno. Kisha nikaongeza sehemu ambayo hakuna nyumba nyingine iliyokuwa nayo, nyar ot, nikamweka dani hapo. Ndipo nikamleta baba yangu, shangazi mmoja, shangazi wa pili, na nyuma yao sisi wajukuu wote na vitukuu. Nyumba ya nne ilipobaki bila mtu niliifuta. Niliyafanya yote kwa mkupuo mmoja wenye masharti, kwamba hatua moja ikishindwa zote zirudi nyuma, nisije nikaua familia mara ya pili siku moja. Tena nikayafuta maneno yote ya kejeli, isipokuwa lile la mtoto kulala ndani ya simu. Hilo lilikuwa zuri.

Siku ya mkutano nilimkabidhi mwalimu karatasi ndani ya bahasha dakika chache kabla ya kuanza, nikisingizia kwamba mashine ya kuchapa ilikwama. Akanishukuru. Nyumba ya pili walikuwa tayari wameketi mbele chini ya turubai, wamepanga mikoba yao vizuri. Sisi tulikuwa kule nyuma, mahali petu pa siku zote, karibu na moshi. Dani alivaa gauni la kanisani na leso mpya, akakaa amenyooka, mikono magotini.

Mwalimu akavaa miwani. Akafungua bahasha. Akasoma mstari wa kwanza kimyakimya, nikaona midomo yake ikisimama. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Maneno hayakuwa yameondoka. Akainua macho akanitafuta mimi, na mimi nikatazama kuku jikoni kwa umakini mkubwa sana. Watu wakaanza kukohoa. Mtu wa nyumba ya tatu akapaza sauti, "Mwalimu, soma, tuna njaa!" Angeweza kuruka mstari. Angeweza kusema kuna hitilafu, na kila mtu angeamini, maana nani hajui hitilafu zangu?

Alimtazama dani. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtoto mdogo wakati mikayi akiwa hai. Ni mmoja wa wale waliokunywa uji kwenye yale mawe matatu. Sijui alikumbuka nini. Alijikohoza, na sauti iliyotoka haikuwa ya darasani.

"Nyumba ya kwanza," akasema. Akalitaja jina la mikayi, lote, na jina la kwao.

Watu waligeuka kutafuta ni nani huyo. Dani akaweka mkono kwenye bega la baba yangu akajiinua, magoti yakimwuma naona, hakutaka asaidiwe. Alisimama wima kuelekea lango.

"Tuko!" akaitika, kwa sauti ya mtu aliyeitwa akiwa jikoni na moto umewaka.

Baba akasimama. Shangazi wakasimama, mmoja analia waziwazi. Binamu zangu wakainuka wakitazamana. Mimi nikabaki nimeketi kama mjinga, kwa sababu maisha yangu yote nimezoea kungoja ya nne. Nikahisi mkono umenikamata kwenye kola ya blauzi.

"Simama," dani akaninong'oneza. "Si wewe ndiye ulisema hatupo?"

Nikasimama, nikaitika nikiwa nimechelewa, peke yangu, watu wote wakinitazama.